Maneno Ambayo Elsie Hakuambiwa

Wechuli Khaemba alikuja Kisumu kutoka upande wa Kimilili akiwa kijana, akapata kibanda cha mabati sokoni Kibuye, na tangu hapo kazi yake imekuwa moja: kushona sare za shule. Kila Januari wazazi humpangia foleni. Anajua rangi ya sweta ya kila shule ya mjini, na akimtazama mtoto mara moja anaweza kukutajia kiuno chake kabla hajashika utepe wa kupimia. Anakaa Kaloleni, katika zile nyumba za zamani za kaunsili. Hapo yeye na mkewe Nanyama walilea mabinti wawili, Elsie na Terry.

Hakuwa baba wa kupiga. Majirani wenyewe watakuambia. Lakini kulikuwa na sentensi moja aliyoirudia tangu Elsie alipofikisha miaka kumi na miwili. Aliisema redio ilipotangaza habari za wanafunzi waliopata mimba. Aliisema msichana wa nyumba ya tatu alipoacha shule. Wakati mwingine aliisema bila sababu yoyote, akimega ugali: "Siku mtu ataleta mimba nyumba hii, atafute baba mwingine."

Wasichana walikuwa wakiinamisha vichwa. Nanyama alikuwa akiongeza, "Mmemsikia baba yenu," halafu wote wanaendelea kula omena. Katika nyumba ile, hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yote kuhusu mwili, wanaume na magonjwa. Habari za hedhi Elsie alizipata kwa mwalimu wa darasa la sita. Terry alizipata kwa Elsie.

Mwaka jana mwezi wa saba, Elsie alikuwa na miaka kumi na saba, kidato cha tatu katika shule ya kutwa. Asubuhi moja Wechuli alipita uani akaona sketi ya shule ya Elsie kwenye kamba. Mkono wa fundi hauwezi kupita nguo bila kuigusa. Aliishika kiunoni akakuta imefumuliwa, ikalegezwa, ikashonwa upya. Kazi ile haikuwa yake. Ilikuwa mishono midogo, iliyonyooka, ya mtu aliyefundishwa vizuri, na aliyemfundisha ni yeye mwenyewe, kwa cherehani ya zamani iliyokuwa chumbani mwa wasichana.

Msichana hunenepa, alijiambia, wasichana wa umri huu hunenepa. Miaka yote ile sokoni alikuwa amelegeza sketi za kutosha kujua kwamba kuna sababu nyingine. Akairudisha sketi kwenye kamba, akaibana vizuri, akaenda kazini. Hakumwambia Nanyama. Hakumwuliza Elsie.

Wiki mbili baadaye, siku ya Jumanne, Elsie hakuamka kwenda shule. Alisema ni malaria. Mwili ulikuwa moto, na Kisumu malaria haishangazi mtu, kwa hiyo Wechuli akapita duka la dawa akanunua tembe, na Nanyama akapika uji. Jumatano Elsie alisema anaendelea vizuri. Alijifunika blanketi mpaka kidevuni kwenye joto lile na hakutaka mama yake abadilishe shuka. Terry ndiye aliyekuwa akiingia na kutoka na ndoo.

Alhamisi asubuhi Elsie alishindwa kusimama. Alikuwa akimwita Terry kwa jina la nyanya yao aliyekufa. Nanyama alipiga kelele, na jirani yao Anyango, anayekaanga samaki mbele ya nyumba yake, akaja mbio mikono ikiwa bado ina unga. Aliinua blanketi, akalishusha polepole.

"Nyathini tuo ahinya," alisema kwa Kijaluo chake, kisha akamgeukia Nanyama. "Mtoto ni mgonjwa sana, Mama Elsie. Na hii si malaria. Mpelekeni hospitali. Sasa hivi, si baadaye."

Hospitalini muuguzi mmoja, Sista Adero, mwanamke mfupi wa miaka hamsini hivi, alivuta pazia akakaa na Elsie peke yao. Alipotoka alimwita Wechuli kando.

"Mzee, mtoto alikuwa na mimba. Kuna mtu amemuuzia kitu cha kuitoa. Sehemu imebaki ndani, na sasa uchafu umeingia kwenye damu. Tunafanya tunachoweza."

Wechuli anasema hakushangaa. Hilo ndilo lililomtisha zaidi, kwamba hakushangaa hata kidogo.

Walimpeleka kwenye chumba cha upasuaji jioni ile, wakamrudisha wodini. Ijumaa saa nane mchana Nanyama alikuwa amekwenda nyumbani kuleta shuka safi. Wechuli aliketi kando ya kitanda. Elsie alifungua macho, akamtambua.

"Baba, usikasirike," alisema.

Wechuli alimwambia hajakasirika. Hana hakika kama alisikia. Kabla ya saa tisa Elsie alikuwa amefariki.

Walimzika Kimilili Jumamosi ya wiki iliyofuata. Katika kijitabu cha mazishi, kilichokuwa na picha ya Elsie akiwa na sare aliyoshonewa na baba yake, kuliandikwa kwamba ameaga dunia baada ya kuugua kwa muda mfupi. Nanyama ndiye aliyetaka hivyo, na Wechuli hakubisha. Kwaya ya kanisa ilisafiri kutoka Kisumu kwa basi la kukodi. Mwalimu wa kwaya, kijana mtanashati wa miaka thelathini aitwaye Robinson, aliongoza nyimbo huku machozi yakimtoka. Watu walimsifu kwa moyo wake.

Mwezi mmoja baada ya mazishi Wechuli alirudi hospitalini kuchukua karatasi zilizohitajika kwa cheti cha kifo. Alimkuta Sista Adero kwenye ukumbi, akamwuliza swali alilokuwa amebeba mwezi mzima.

"Tungemleta Jumanne, angepona?"

Adero hakukwepa. "Siwezi kukuapia, Mzee. Lakini ningekuwa na matumaini makubwa. Wanaokuja mapema wengi hurudi nyumbani. Hapa hatumwulizi msichana amefanya nini ndipo tumtibu. Tunatibu tu."

"Yeye hakujua hilo."

"Angejuaje? Kuna mtu aliyemwambia?"

Aliuliza bila ukali, kama mtu anayetaka kujua. Wechuli alikunja karatasi zake akatoka, akatembea kwa miguu mpaka Kaloleni.

Alimkuta Terry uani akifua. Terry alikuwa na miaka kumi na minne, gredi ya nane. Tangu mazishi alikuwa amekonda. Alikuwa akijibu "ndiyo" na "hapana", na chakula alikuwa akikila chumbani. Wechuli alimtazama akiinama juu ya karai. Kila alichokosa kumwambia Elsie, huyu pia hakuwa ameambiwa.

Jambo la kwanza alilofanya ni lile ambalo mwanamume yeyote wa kwao angefanya. Alimpigia simu dada yake mkubwa kule Kimilili. Kwa desturi, senge, yaani shangazi, ndiye huzungumza na binti kuhusu mambo hayo. Baba hatakiwi hata kuwa karibu.

"Nitamwambia asiguswe na mwanamume," senge alisema. "Kuna kingine?"

"Elsie ulimwambia hivyo?"

"Nilimwambia kila Krismasi."

Wechuli alimshukuru akakata simu. Kesho yake, wakinywa chai, alimwambia Nanyama kwamba wanapaswa kuketi na Terry wamweleze mambo. Nanyama aliweka kikombe chini.

"Mambo gani?"

"Ya mwili. Mimba inavyoingia, magonjwa, mtu akipata shida aende wapi."

"Unataka kumfundisha mtoto uchafu? Wechuli, tumezika mmoja."

"Ndiyo sababu."

"Terry yuko kwaya. Kanisa litamlea." Akaondoka mezani. Kwake yeye, kuyasema mambo yale kulikuwa sawa na kuyaita yaje, na alikuwa na woga ambao hakuna mtu angeweza kumcheka.

Basi Wechuli akarudi kwa Sista Adero, safari hii bila karatasi yoyote ya kuchukua. Alimngoja mpaka alipomaliza zamu, wakaketi kwenye benchi nje. Alimwambia waziwazi: ana umri wa miaka arobaini na tisa, na hajui mtu huanzaje.

Adero alimfundisha karibu saa nzima. Alimweleza kuhusu siku za hedhi, kuhusu kinga, kuhusu virusi, kuhusu dawa ambazo mtu aliyelazimishwa anaweza kupewa asipochelewa. Wechuli alikuwa akiandika katika kile kitabu chake cha vipimo vya sare. Lakini yaliyomsaidia zaidi yalikuwa maneno ya Adero ya mwishoni.

"Usimhutubie. Mwulize kwanza anajua nini, utashangaa. Ukiona aibu, mwambie unaona aibu, hata yeye anaiona. Ukiulizwa usilolijua, sema hujui. Na usimtishe. Kitisho kinamfunga mdomo tu."

Mara ya kwanza aliharibu. Alimwita Terry sebuleni, akamketisha kwenye kiti kilichoelekeana na chake, akasema dunia ina wanaume wabaya. Terry akasema, "Ndiyo, Baba." Akasema mwili ni kitu cha thamani. "Ndiyo, Baba." Jasho likamtoka mgongoni. Akamwambia aende akasome.

Mara ya pili alimchukua sokoni Jumamosi. Kulikuwa na mashati arobaini yanayohitaji vifungo. Waliketi bega kwa bega kwenye benchi la kibanda, kila mmoja na sindano yake, macho kwenye kazi. Nje, redio ya muuza viatu ilikuwa ikipiga kelele. Wechuli alishona vifungo vya mashati matatu kabla hajafungua mdomo.

"Terry, mimi naona aibu sana kwa haya ninayotaka kusema."

Sindano ya Terry ilisimama.

"Elsie hakufa kwa malaria."

"Najua, Baba."

"Unajua nini?"

"Yote. Nilijua kabla ya Mama. Kabla yako." Alivuta uzi polepole. "Mimi ndiye nilikuwa nafua zile shuka."

Wechuli alitaka kuuliza kwa sauti kubwa mbona hakusema. Alijikaza. Aliuliza kwa sauti ya chini, na hata hivyo Terry alishtuka kidogo.

"Ulisema tutafute baba mwingine," Terry alisema. "Elsie alitaka kukuambia. Siku moja alitoka shule akaja hapa hapa. Aliporudi akasema ulikuwa na wateja."

Wechuli alitafuta siku hiyo kichwani. Anaitafuta mpaka leo. Kulikuwa na siku nyingi za wateja, na Elsie alizoea kupita kibandani, akasimama mlangoni dakika mbili na begi lake, akaenda zake. Hawezi kukumbuka ni ipi.

"Kweli ungemfukuza?" Terry aliuliza.

"Hapana."

"Basi mbona ulikuwa unasema?"

Wechuli alisema alidhani maneno makali yatawalinda. Alisema yeye mwenyewe hakuambiwa kitu na baba yake, zaidi ya fimbo, na alidhani kutopiga kunatosha. Alisema amekosa. Terry alianza kulia bila sauti, machozi yakidondokea shati jeupe la mtoto wa watu, na Wechuli akalichukua lile shati akaliweka kando.

Wakaendelea na vifungo, kwa sababu mikono ilihitaji kazi. Alimwuliza anajua nini, kama alivyofundishwa. Terry alijua mengi, nusu yake uongo. Alikuwa ameambiwa shuleni kwamba mara ya kwanza mtu hapati mimba. Alikuwa amesikia kwamba mwanamume msafi, anayenukia vizuri, hawezi kuwa na virusi. Wechuli alifungua kile kitabu cha vipimo akamsomea alichoandika, akikwama, akirudia, masikio yakimwaka. Mteja mmoja alikuja akaulizia kaptula. Wechuli akamwambia aje kesho.

Ilikuwa karibu saa saba Terry aliposema lile jingine.

"Baba, nikikuambia mtu, utamuua?"

"Sitamuua."

"Ni Mwalimu Robinson."

Wechuli aliendelea kushika sindano.

"Alimwambia Elsie watafunga ndoa akimaliza shule. Alipopata mimba akamwambia amwachie yeye, kuna mama anayemjua. Na sasa..."

"Na sasa?"

"Amenipa namba yake. Anasema nina sauti kama ya Elsie. Anataka niwe nakuja mazoezi saa moja kabla ya wengine, anifundishe peke yangu."

"Umeenda?"

"Mara moja. Nikasema naumwa tumbo, nikarudi. Hakunigusa, Baba. Naapa. Lakini alifunga mlango."

Wechuli anasema kwamba wakati huo aliangalia mkasi wake mkubwa wa kukatia vitambaa na akausogeza mbali, chini ya meza. Kisha akamwambia Terry maneno aliyoyapanga polepole, moja baada ya jingine: kwamba amefanya vyema kurudi, kwamba amefanya vyema kusema, kwamba hakuna kosa lake hata moja katika jambo hili, wala la dada yake.

Jumatatu walikwenda kituo cha polisi, baba na binti, na simu ya Elsie, ambayo Nanyama alikuwa ameifunga katika kitambaa kabatini. Jumbe zote za Robinson zilikuwamo. Askari wa kike aliyeandika taarifa aliuliza Elsie alikuwa na umri gani, akasikia kumi na saba, akaandika kwamba huo ni unajisi.

Nanyama aliposikia, alimkabili mumewe jikoni.

"Utamvua nguo mtoto wangu akiwa kaburini," alisema. "Kila mtu Kaloleni atajua."

"Robinson alikuwa anamwita Terry."

"Ungeniambia mimi. Ningemtoa kwaya, yakaisha."

"Na wale wengine walio kwenye kwaya?"

Tangu siku hiyo Nanyama alihamia chumba cha Terry, akalala kwenye kitanda cha Elsie. Wazee wa kanisa walikuja mara mbili, wakaomba, wakasema jambo hili linaweza kumalizwa ndani ya nyumba ya Mungu. Mama mmoja wa kanisa alimwuliza Wechuli mbele ya watu ni baba wa aina gani anayezungumza vitu vile na binti yake. Wateja kadhaa walihamia kwa fundi mwingine. Baba wa msichana mwingine wa kwaya alikuja kibandani jioni moja, akasimama, akashindwa kusema, akanunua sweta ambayo haikuwa ya shule ya binti yake, akaenda.

Robinson alikamatwa, akaachiliwa kwa dhamana, akahamia Sondu kwa ndugu yake. Kesi imeahirishwa mara tatu. Mara ya kwanza shahidi hakufika, mara ya pili faili haikuonekana, mara ya tatu hakimu alikuwa likizo. Mwanamke aliyeuza kile kitu hajapatikana. Wakili wa Robinson amesema mahakamani kwamba jumbe zile zinaweza kuwa zimeandikwa na mtu yeyote. Terry atalazimika kusimama mbele ya watu na kusema alichokijua, na kila tarehe inapokaribia huacha kula.

Wechuli na Terry wameendelea kuzungumza. Mara nyingi ni vibaya, mara nyingi ni dakika tano tu, wakichambua sukuma wiki au wakitembea kwenda sokoni. Siku moja mwezi wa pili, wakiwa jikoni, Terry alisema kuna rafiki yake darasani ambaye anaogopa kwenda kupimwa virusi kwa sababu hajui kama watampigia mzazi simu.

"Hilo sijui," Wechuli alisema. "Tutamwuliza Sista Adero."

Nanyama alikuwa mlangoni na mtungi wa maji. Walidhani atapita kama kawaida. Hakupita.

"Mimi pia nina swali la kumwuliza," alisema.

Walikwenda watatu siku ya Alhamisi. Adero alimjibu Terry kwanza, kwa utaratibu, akamwandikia jina la kliniki ya vijana ambako rafiki yake angesikilizwa. Kisha Nanyama akasema anataka kujua jambo moja. Siku ile pazia lilipovutwa, Elsie alisema nini?

Adero alimtazama Wechuli, kisha akamtazama mama.

"Mama, una hakika unataka?"

"Nataka."

"Aliniomba nisikuambie wewe. Alisema, mwambie Baba kama ni lazima, lakini Mama asijue, atavunjika moyo."

Nanyama aliitikia kwa kichwa kama mtu anayekubali bei. Alimshukuru sista kwa adabu. Alitembea mpaka kwenye benchi la nje, akaketi, na hapo ndipo alipolia, yeye ambaye Kimilili alikuwa amewagawia wageni chakula kwa macho makavu. Alilia kwa sauti, akiita jina la mtoto, mpaka wagonjwa kwenye foleni wakageuka. Terry aliketi karibu naye, akaweka mkono wake mgongoni mwa mama yake. Wechuli alisimama mbele yao kuwakinga na jua.

Tarehe ya nne ya kesi ni mwezi ujao. Nanyama amesema atakwenda.